Honi Moja, Draiva Mbili

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta, maana wengine wote nitakaowataja walikuwa na akili timamu, hata Tiffany mwenye miaka mitatu.

Naitwa Mukhwana. Nakaa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, na kazi yangu ni kukodisha vyombo vya sauti: mikutano ya injili, harusi, mazishi. Nilianzia chini kabisa. Nimewahi kubeba spika kichwani kutoka Baba Dogo mpaka Korogocho kwa sababu mwenye mkokoteni alininunia. Nimewahi kufukuzwa matangani kwa mawe, nilipochelewa kuzima maikrofoni na waombolezaji wakamsikia mchungaji akiulizia kama nyama imeiva. Kwa hiyo ninapozungumza habari za sauti, nazungumza kama mtu aliyewahi kupigwa kwa ajili yake.

Mambo yalianzia kwa shemeji yangu Muhonja, mama yake Tiffany, mdogo wa mke wangu. Muhonja ni kibarua katika kiwanda cha ndoo na mabeseni kinachopakana na mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Kila asubuhi karani husimama kwenye geti na kusoma majina ya watakaoingia kazini siku hiyo. Zamani walibandika karatasi ukutani, watu wakakanyagana, mmoja akavunjika mkono, ndipo wakaleta kipaza sauti. Jina linasomwa mara mbili. Usipoitikia, wanaendelea na mwingine. Ukikosa kuitikia siku tatu, unafutwa kwenye orodha, na kurudi humo ni kuanza upya kama mgeni, unapanga foleni na waliofika Nairobi jana.

Muhonja alikuwa ameshakosa siku mbili. Si kwamba alichelewa. Alikuwa papo hapo, lakini nyuma kabisa, kando ya karakana ya jirani wanakoanza kukata vyuma kabla jua halijatoka, kwa sababu humpeleka Tiffany kwa mlezi kwanza na akifika, mbele hakuna pa kuweka hata unyayo. Na kile kipaza sauti cha kiwanda kilisoma majina kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

"Shemeji," akaniambia, "wewe kila Jumapili unapigia watu kelele za bure. Hebu nipigie moja ya maana."

"Nikiwafungia draiva yangu mpya," nikamjibu, "jina lako litasikika mpaka mtaa wa Jericho."

Draiva ninayosema haina usukani. Kwetu watu wa spika, ni lile pande la chuma linalofungwa nyuma ya honi, ule mdomo mpana wa kipaza sauti. Ndani yake kuna sumaku na kiwambo chembamba kinachotetemeka. Sauti inazaliwa pale, inabanwa ipite kwenye tundu dogo tunaloliita koo, halafu honi inaipokea na kuifungulia dunia. Kuna draiva ndogo ambazo unazitia mfukoni. Yangu si ya mfuko. Kiwambo chake ni inchi nne, koo lake inchi mbili, na ukiibeba begani siku nzima, siku ya pili unatembea umeinama upande.

Nikaenda kumwona karani wa kiwanda, Bwana Munyao, mtu mpole wa sweta ya kijivu, mwenye kalamu mbili sikioni: ya risasi kwa ajili ya geti, ya wino kwa ajili ya ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umekuja wa pili," akasema. "Kuna fundi wa Jericho, anaitwa Syombua. Babake, Mzee Ndete, ni mchonga vinyago, na amenichongea honi ya mbao ambayo hujawahi kuona. Honi sibadilishi. Nyinyi shindanieni kinachokaa nyuma yake."

"Nani atashindana na mimi?"

"Nenda ukamwone kwanza, halafu uulize tena."

Alhamisi nikaenda. Kibanda cha Syombua kiko soko la Jericho, katikati ya muuza maharage na mshona mapazia. Ni mama wa makamo, mnene kidogo, mikono mikubwa yenye vidole vyepesi. Nikaweka draiva yangu mezani, tuu! Meza ikalia. Nikatabasamu.

"Nzito," akasema.

"Nzito ndiyo yenyewe, fundi. Titani. Kiwambo cha madini ya titani."

Akavuta yake kutoka chini ya meza. Ilikuwa na rangi ya kijani iliyochubuka, umri wake unanizidi. Ilitoka kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa kitambo, na yule muuza vyuma chakavu aliyemuuzia alikuwa anaitumia kuzuia mlango usijifunge. Nikaikamata kwa mkono mmoja, kwa dharau, nikitarajia wepesi. Kidogo initegue kiwiko.

"Pole," Syombua akasema. "Hata mlango uliiheshimu."

Akazifungua zote mbili, na hapo, ndugu msomaji, hata mimi nilinyamaza, jambo ambalo mke wangu hajawahi kulishuhudia. Kiwambo cha draiva yake kilikuwa cha alumini, upana wa mdomo wa kikombe cha bati, chembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Pembezoni kilikuwa kimefinyangwa vinundu vidogo vidogo vyenye umbo la almasi, mamia, kila kimoja sawa na mwenzake, ili kiweze kucheza mbele na nyuma bila kuchanika. Chini yake kulikuwa na kigingi cha chuma chenye mifereji ya duara, duara ndani ya duara, kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine.

"Unajua hiyo mifereji ni ya nini?" akaniuliza.

"Ya kupitisha sauti."

"Hata mlango unapitisha sauti. Hii inapima njia. Sauti ya ukingoni iko mbali na koo, ya katikati iko karibu. Aliyechonga hii alihesabu kila mfereji ili zote zifike kooni pamoja. Hakuna inayotangulia, hakuna inayochelewa. Herufi moja inatoka ikiwa herufi moja."

Nikapitisha kidole kwenye mifereji ile. Hakuna mahali kilipokwama. Mtu fulani, mahali fulani, miaka kabla sijazaliwa, alikaa akatengeneza kitu kizuri namna hii halafu akakifungia gizani mahali ambapo hakuna macho yatakayokiona. Nikajikuta nimevua kofia.

"Na yangu?" nikauliza, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia.

Hakuidharau. Aliigeuza kwenye mwanga, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. "Yako ni nzuri. Kazi safi. Titani ni ngumu, haichoki. Hii yangu ukiilazimisha inapasuka, nimeshabadilisha viwambo viwili. Kwa mkutano wa watu elfu tano uwanjani ningechukua yako. Lakini ukiisukuma sana, titani inaanza kulia yenyewe kwenye sauti za juu. Inaongeza vya kwake."

"Sasa kuongezewa ni vibaya?"

"Inategemea unaongezewa nini."

Tukakubaliana masharti, na masharti aliyaweka yeye: honi moja, amplifaya moja, maikrofoni moja. Kinachobadilika ni draiva tu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla majina hayajasomwa. Draiva itakayoshinda ndiyo itakayosoma majina siku hiyo.

Jumamosi nikafika na draiva imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Honi ya Mzee Ndete ilikuwa imeshapandishwa juu ya nguzo ya geti, na nikasema kimoyomoyo kwamba yule mzee ametuonea sote. Alikuwa ameiunga kwa vipande kumi na viwili vya mbao, akavichonga mpaka usijue kimoja kinaishia wapi, mdomo umefunguka kama ua la mboga ya maboga. Syombua alinieleza kwamba babake husugua ndani kwa msasa akiwa amefumba macho. Anasema jicho linasamehe, kidole hakisamehi.

Watu walikuwa wameanza kujaa. Muhonja naye akaja mbio, akiwa ameshamwacha Tiffany kwa mlezi, akasimama kule kule nyuma kwenye kelele za mashine ya kukata vyuma. Akanipungia mkono. Nami nikampungia kama mgombea kiti.

Syombua akapanda ngazi kufunga boliti. Mimi nikabaki chini na amplifaya. Nilikuwa nimebeba wimbo kwenye simu, wimbo wa kwaya ambao hakuna mtu Reuben asiyeujua. Tulianza na draiva yake. Wimbo ukatoka laini, wa wastani. Watu wakaitikia kwa vichwa. Vizuri.

Akashusha, akapandisha yangu. Na alipokuwa bado amenipa mgongo kule juu, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye volyumu. Nikaongeza. Sikuona kama ni wizi, naapa. Niliona kwamba draiva kubwa inastahili pumzi yake, kama vile mtu mnene anavyostahili sahani yake.

Loo! Wimbo ulipotoka, geti lilitetemeka. Mbwa wa mlinzi akaingia chini ya gari. Vibarua wakapiga makofi, wengine wakaanza kucheza, wakaimba maneno yote mpaka mwisho. Kule nyuma Muhonja alikuwa anarukaruka akininyooshea kidole mbele ya wenzake: yule, yule ni shemeji yangu!

"Kura imepigwa," nikamwambia Syombua. "Umesikia hiyo? Hiyo imefika mpaka Jericho."

"Mimi nilikuwa hapa, sikuwa Jericho," akasema, akishuka taratibu. Alikuwa anaitazama amplifaya, lakini Munyao alikuwa ameshaangalia saa.

"Basi. Ya Mukhwana ibaki. Muda umefika."

Akachukua maikrofoni na karatasi, akaanza kusoma.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, kwa hiyo nilisikia kila jina, nusu kwa mdomo wake na nusu kwa honi. Lusweti Patrobas, akaitikia, akaingia. Ardo Abukar, akaitikia, akaingia. Hao walikuwa mbele. Kisha likaja la tano, kimya. La sita, kimya. La nane, kimya. Munyao akawa anasoma mara mbili, anaangalia umati, anatia alama ya risasi, anasonga. Sauti ilikuwa kubwa kweli. Ilikuwa kubwa kama bati linalobomolewa. Kila penye sa na sha, titani iliongeza mlio wake wa mafuta yanayokaanga, na ukuta wa karakana ukaurudisha, na majina yakapandana juu ya mengine.

"Muhonja Khavere," Munyao akasoma.

Nikageuka kwa furaha. Shemeji yangu alikuwa kule nyuma, macho kwangu, uso umejaa meno, amenyoosha dole gumba juu. Alikuwa ananipongeza.

"Muhonja Khavere."

Dole gumba likapanda juu zaidi.

Nikampungia aje. Akanipungia na yeye. Nikapunga kwa mikono miwili, akacheka, akapunga kwa mikono miwili. Munyao akatia alama ya risasi na kusonga mbele.

Sijui kama umewahi kuona mtu akikushangilia huku unamzamisha.

"Karani, ngoja! Huyo ni shemeji yangu. Yuko pale, mwenye leso ya manjano. Muone!"

"Namuona," Munyao akasema kwa upole ule ule. "Nimemuona tangu saa kumi na mbili. Lakini nikianza kuita kwa macho, kesho kila mtu atakuja na shemeji yake. Anayeitwa aitike mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria."

"Lakini hii ni siku ya tatu!"

"Najua hesabu yake, bwana. Mimi ndiye ninayeiandika."

Ndipo Syombua akaja kati yetu. Hakupaza sauti. Akaweka kidole kwenye volyumu ya amplifaya, akaniangalia, akaangalia volyumu, akaniangalia tena. Nikatazama viatu vyangu, na viatu havikunisaidia.

"Karani," akasema, "hiyo sheria yako inasema jina lisomwe mara mbili, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi hujasoma hata mara moja. Umepiga kelele mara mbili. Uliza watu wa nyuma wamesikia majina mangapi."

Munyao akatazama karatasi: majina ishirini aliyokwisha kusoma, kumi na moja yana alama ya risasi. Kwa kawaida, alituambia baadaye, hukosa wawili au watatu. Akagusa ile kalamu ya wino sikioni, akaiacha palepale.

"Wino haufutiki, na wino naweka saa moja na nusu," akasema. "Mna dakika kumi."

Nilipanda ile ngazi mwenyewe. Boliti nne. Sijawahi kufungua boliti kwa haraka vile, hata ile siku ya mawe. Draiva yangu nikaishusha begani, Syombua akanipokea chini, akanipa yake, nikapanda nayo nikiikumbatia kama mtu anayeomba msamaha. Nikaifunga. Alipotaka kuwasha, mimi nikarudisha volyumu mahali ilipokuwa mwanzo. Akaishusha chini zaidi.

"Fundi, hapo haitafika!"

"Wacha honi ifanye kazi yake. Wewe umesimama hapo muda wote, umewahi kwenda nyuma kusikiliza?"

Sikuwa nimekwenda. Miaka yote hiyo kwenye kazi, kila siku nimesimama karibu na amplifaya yangu nikifurahia mwenyewe. Na wimbo ule, ambao kila mtu alikuwa anaujua kwa moyo: hata ungetoka kwenye debe, watu wangeujaza maneno. Jina lako asubuhi hulijui litakuja lini. Huwezi kulijaza.

Nikaenda nyuma. Nikapenya mpaka kwa Muhonja, kando ya karakana. Mashine ya kukata vyuma ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba nilimwona akinisemesha na sikumsikia.

"Shemeji, imekuwa moto!" akanipigia kelele sikioni. "Kwani mnaibadilisha kwa nini?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Usiniongeleshe. Sikiliza tu."

Munyao akaanza upya.

Haikuwa kubwa. Nilitega sikio nikiogopa. Halafu jina la kwanza likapita juu ya vichwa vya watu mia tatu na kutua pale nilipokuwa, zima, na kila herufi yake, kana kwamba Munyao ameniegemea begani. Mashine ililia, jina likapita kando yake. Sa ilikuwa sa, ka ilikuwa ka. Wakati mwingine nilisikia mpaka pumzi ya Munyao kati ya jina na jina, na karatasi ikigeuzwa. Kitu kilichokuwa kinazuia mlango! Watu wa nyuma walianza kutazamana. La tano likaitikiwa. La sita likaitikiwa, na mzee mmoja mwenye koti la mvua akapita mbele yangu akisema peke yake, "Ni mimi huyo, ni mimi huyo." Nilikuwa nasikia ile mifereji. Nilikuwa nasikia yule mtu asiyejulikana aliyepima njia ili sauti yoyote isichelewe.

"Muhonja Khavere."

"Niko!"

Alijibu mara ya kwanza, kwa sauti ambayo haikuhitaji draiva. Kisha akanigeukia, ghafla hana tena kicheko. Alikuwa ameelewa.

"Shemeji. Walikuwa wameshaniita?"

"Mara mbili."

"Ile ya saa ile? Nilipokuwa nakupungia?"

Akanitazama kwa muda ambao mtu hutazama sufuria iliyoungua. Akakaza leso yake, akaanza kupenya kwenda mbele, nami nyuma yake, maana njia aliyoifungua ilikuwa nzuri.

Kule getini Munyao alikuwa anafuta alama za risasi moja moja na kifutio. Syombua amekaa juu ya blanketi langu, ameegemea draiva yangu kama kiti. Mtu mwenye busara angemshukuru na kunyamaza. Lakini nimeshakwambia mjinga siku hiyo alikuwa nani.

"Fundi," nikasema, "nakuvulia kofia. Inasema vizuri kuliko mimi. Mzee Ndete mwambie nimeinama. Lakini tusidanganyane."

"Umeanza tena."

"Siku imeanza tu! Nasema ukweli. Kwa usafi, umenishinda. Kwa nguvu je? Mbwa aliingia chini ya gari kwa ya nani?"

"Kwa yako."

"Geti lilitetemeka kwa ya nani?"

"Yako, Mukhwana, yako."

"Basi andika hilo pia, Karani. Hii ya sinema inaishia ukutani pale. Yangu, tukiiwasha sasa hivi, inasikika mpaka Jericho. Hapo hakuna wa kunibishia."

Munyao akainua macho. Syombua akafungua mdomo kunijibu, lakini Muhonja alikuwa ndiyo anaingia, mguu mmoja ndani ya geti, mwingine bado nje. Akasimama, akageuza kichwa.

"Kwani shemeji, huko Jericho kuna nani anayengoja jina lake?"